Mama Tomie Asimama kwa Mguu Mmoja

Mama mkwe wangu, Tomie, alisimama maisha yake yote. Tangu usichana wake alisimama mbele ya masufuria ya maji moto, katika kiwanda cha hariri mjini Okaya, akivuta nyuzi. Kwake kukaa ni uvivu, na mimi alinihesabu mvivu tangu siku niliyoolewa.

Sasa ni mzee sana. Nyayo zimekufa ganzi kwa kisukari, dawa za presha zinampa kizunguzungu, na akifumba macho tu, anayumba. Ndani ya nyumba alikuwa akishika ukuta, akishika meza, akinishika mimi. Kulikuwa na mhudumu, analipwa na manispaa, aliyekuja kumwogesha, maana mgongo wangu umekwisha. Lakini ili aendelee kuja, ilikuwa lazima mpimaji wa afya wa manispaa aone mwenyewe kwamba mzee hasimami vizuri.

Siku ya kupimwa nilimkuta Mama amevaa kimono cha zambarau na poda usoni.

"Mama, leo si sherehe."

"Mgeni ni mgeni. Unataka anikute kama tambara la jikoni?"

Mpimaji, kijana mpole aitwaye Kuwabara, alimwomba asimame kwa mguu mmoja. Mama akakaza macho kwenye picha ya marehemu mumewe, akainua mguu, akatulia tuli.

"Hongera, bibi! Mimi mwenyewe ningeyumba."

Nikashindwa kuvumilia. "Juzi ameanguka chooni! Mwambie afumbe macho, uone."

Mama akacheka, kiganja mdomoni. "Msamehe, mwanangu. Mkwe wangu huyu anapenda kutia chumvi. Amechoka kunitunza."

Kuwabara akatazama chini, akiona aibu kwa ajili yangu. Alipotoka tu, Mama aliniangukia begani akitetemeka mwili mzima.

"Umenidhalilisha mbele ya mtu," akasema.

Mhudumu akaondolewa. Nikawa namwogesha mwenyewe, na nasema kweli, nilimchukia. Jioni moja alisimama nimsuuze nywele, povu likamwingia machoni, akayafumba. Tulianguka wote wawili. Mimi niliinuka, yeye nyonga ilivunjika.

Jana Kuwabara alikuja hospitali kumpima upya. Mama alisikia sauti yake nje, akanikamata mkono.

"Sanae, nichane nywele. Halafu niinue, haraka. Asinikute nimelala."

Nilimchana, polepole, nywele zote. Kumwinua sikumwinua. Mlango ulipofunguliwa, Mama akafumba macho mwenyewe.