Jumapili za Wenzake

Selina Maige hakuwa mtu wa maneno mengi. Pale Kirumba alikopanga chumba, kwenye nyumba iliyobanwa na majabali pande mbili, wapangaji wenzake walimjua kwa jambo moja: Ijumaa jua linapoinama alikuwa ameshapika, ameshafua, ameshachota maji ya siku mbili, na mlango wake umerudishwa. Alikuwa Msabato tangu kwao Magu. Mumewe, Malimi, alikwenda machimboni Geita mwaka 1989, akatuma barua mbili, kisha kimya. Mtoto hawakujaliwa. Miaka ilivyosonga, watu waliacha kumuuliza habari za mumewe, naye akaacha kuwa na la kujibu.

Miaka kumi na mmoja alifanya kazi kwenye ghala la shirika moja la umma. Meneja wa hapo alijua imani yake. Jumamosi aliangalia pembeni, naye Selina alifidia saa zake jioni za katikati ya wiki. Shirika likauzwa. Mwenye mali mpya akaleta watu wake, na akina Selina wakapewa barua. Akakaa nyumbani karibu mwaka mzima, mpaka alipopata kibarua katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara nje kidogo ya mji.

Huko kazi ilifanywa kwa meza. Kila meza ilikuwa na wanawake saba, mabuti ya mpira miguuni, visu mkononi, samaki wanapita mbele yao kwenye maji ya barafu. Aliyemfundisha kushika kisu bila kujikata alikuwa Wilhelmina, Mhaya wa Muleba, mwanakwaya wa parokia yake, mwanamke mcheshi aliyeimba nyimbo za Misa kwa sauti ya chini ili msimamizi asisikie. Walikula pamoja saa ya chakula. Kwa Selina, aliyekuwa amezoea kula akitazamana na ukuta, hilo halikuwa jambo dogo.

Alipokuwa kibarua, Jumamosi hawakumwita. Mambo yalibadilika Machi mwaka 1995, alipopewa ajira ya kudumu. Msimamizi wa zamu, Bwana Josephat, alimwambia wazi kwamba Jumamosi ndiyo siku ya ndege inayopeleka minofu nje, mzigo lazima uondoke, hakuna ruhusa. Selina akajibu kwamba siku nyingine zote sita watamkuta, hiyo moja hapana. Jumamosi tatu hakutokea, akapewa barua tatu za onyo. Ya tatu ilisema bado moja afukuzwe.

Akaipeleka kwa Mchungaji Shimba wa kanisa lake. Mchungaji aliisoma mara mbili, akavaa koti, wakaenda wote Nyamagana kwa Afisa Kazi, mzee mmoja aitwaye Ndalahwa, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, mzee," Selina alisema.

"Marahaba. Unataka nini, mama?"

"Nataka kumwabudu Mungu siku yangu, bila kufukuzwa kazi."

Mzee Ndalahwa akasema Katiba haimpi mwajiri mamlaka juu ya ibada ya mtu. Akapiga chapa barua, akaigonga muhuri. Wiki iliyofuata kiwanda kikajibu kwamba kimekubali. Jumamosi ile kanisani walimsimamisha mbele atoe ushuhuda. Alisema maneno machache, kanisa zima likaitika amina, na akina mama walimshika mkono mlangoni. Usiku ule Selina alilala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Jumatatu Bwana Josephat akaja mezani kwao. Hakukasirika hata kidogo.

"Selina, sheria imesema nisikulazimishe Jumamosi, na mimi ni mtu wa sheria," alisema. "Lakini meza hii ina kazi ya watu saba. Sehemu itakayopungua Jumamosi, mtaimalizia Jumapili asubuhi. Wote."

"Wote kwa nini?" Wilhelmina akauliza. "Jumamosi sisi tupo."

"Mwulizeni mwenzenu," akasema, akaenda zake.

Jumapili ya kwanza waliimaliza kazi, wakaenda zao. Jumapili ya pili, ilipofika saa ya chakula, Selina alikuta wenzake wamekaa upande wa pili, migongo kwake, na nafasi aliyozoea imewekewa ndoo. Hakuiondoa. Alikula amesimama, akaosha bakuli lake, akarudi mezani kabla ya kengele. Tangu siku hiyo Wilhelmina hakuimba tena. Kisu kilipomponyoka Selina na kumchana kidole gumba, hakuna aliyemuuliza kitu. Mmoja alimsukumia tambara, basi.

Jumapili ya tano Wilhelmina alifika na macho mekundu. Walikata minofu karibu saa nzima. Kisha, bila kuinua uso, Wilhelmina akasema, "Mwanangu anapokea Komunyo ya Kwanza leo. Sasa hivi, tunavyoongea. Nimemvisha gauni alfajiri, nikamwacha kwa jirani ampeleke."

Selina akaweka kisu chini.

"Wewe barua ya serikali imekupa Jumamosi yako. Sawa, nilifurahi, Mungu anajua nilifurahi. Sasa mimi, Jumapili yangu imekwenda wapi?"

Siku hiyo hiyo, kazi ilipokwisha, Selina alimfuata msimamizi ofisini. Akamwomba aje Jumapili peke yake, afanye sehemu yake yote hata mpaka jioni, wenzake waachwe.

"Siwashi mashine ya barafu kwa mtu mmoja," Bwana Josephat alijibu. "Ukitaka wapumzike, njoo Jumamosi. Rahisi."

Sasa alielewa. Barua haikuvunjwa popote. Ilikuwa imegeuzwa tu, makali yakaelekezwa kwa wengine, na mpini wameuacha mkononi mwake.

Akaenda kwa Mchungaji Shimba, akamkuta akipogoa ua wa michongoma. Alimweleza yote, akamalizia kwamba anafikiria kuacha kazi. Mchungaji aliweka panga chini.

"Dada Selina, wako Wasabato wengine katika viwanda hivi, na wote wanakutazama wewe. Haki uliyopata haikuwa yako peke yako. Ukiondoka, kesho nitamsaidiaje mwingine? Watasema hata yule tuliyempa, alikimbia."

"Nakuelewa, Mchungaji. Lakini amri ya Sabato haikuishia kwangu. Inawataja mpaka watumishi na wageni, nao wapumzike."

"Hao siku yao si Sabato."

"Najua si Sabato. Ila ndiyo siku wanayomwendea Mungu, na njia nimeifunga mimi."

Mchungaji aliokota panga, akaliweka tena chini. Hakuwa mtu mbaya. Selina alimwona jinsi anavyotafuta jibu na kulikosa. Mwishowe alisema ataliombea. Hakusema ataomba apate jibu gani.

Selina aliandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wake, mistari minne, akarudisha mabuti na aproni. Aliwaaga wenzake mezani. Wawili waliitikia. Wilhelmina alikuwa chumba cha barafu, au alijipeleka huko.

Akaanza kuuza dagaa soko la Mwaloni, juu ya gunia lililotandikwa chini. Kanisani hakuna aliyemsema vibaya, lakini hakuna aliyemtaja tena katika ushuhuda, na akina mama waliomshika mkono sasa waliharakisha kutoka. Jumamosi jioni, Sabato ikiisha, alikaa mlangoni kwake akisikia redio za majirani na kelele za uwanjani, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba amechoka. Alijifariji kwa jambo moja tu: angalau sasa wale sita wanapumzika.

Hata hilo hakuachiwa. Mwezi Agosti alikutana sokoni na mwanamke mmoja wa meza ile, akamuuliza habari za kazi.

"Jumapili bado tunaingia," yule mama alisema. "Wakubwa wamezoea. Wanasema mteja wa nje ameongeza mzigo."

Selina aliuza dagaa zake mpaka mwisho siku ile, akapunja na kuzidisha bila kujua. Asubuhi iliyofuata alivaa gauni lake la kanisani akapanda tena ngazi za Afisa Kazi.

Mzee Ndalahwa alimkumbuka. "Wewe si uliacha kazi? Unadai nini tena?"

"Sidai changu, mzee. Nimekuja kwa ajili ya Jumapili za wenzangu."

Mzee akavua miwani. "Wao ni Wasabato?"

"Hapana. Wengi ni Wakatoliki."

Mzee akamweleza Selina kwamba yeye, akiwa nje ya kiwanda, hawezi kulalamika kwa niaba ya walio ndani. Lazima mmoja wao aweke sahihi. Akampa karatasi.

Selina alitembea nayo mpaka kwa Wilhelmina, nyumba ambayo hakuwahi kuingia. Wilhelmina alisimama mlangoni, hakumkaribisha. Ndani mtoto alikuwa akisoma kwa sauti. Selina aliongea palepale nje, kwa haraka, kwa kuwa aliogopa mlango utafungwa kabla hajamaliza.

"Mimi nina watoto watatu," Wilhelmina alisema. "Wewe huna wa kumlisha, ndiyo maana ni mwepesi wa kuacha kazi."

Neno hilo lilimwingia Selina mahali palepale lilipolengwa. Aliiweka karatasi kwenye kiti kilichokuwa barazani, akaiwekea kijiwe juu isipeperuke, akaondoka.

Septemba ikapita, Oktoba ikapita na uchaguzi wake wa vyama vingi, bendera na maspika mji mzima. Selina hakusikia lolote, wala hakwenda kuuliza.

Jumapili moja ya Novemba, asubuhi, alikuwa anapanga mafungu ya dagaa alipoona wanawake wanapita barabarani wamevaa sare ya kwaya. Wilhelmina alikuwa katikati yao, kitabu cha nyimbo kwapani. Alipomwona Selina alipunguza mwendo, wenzake wakamtangulia. Akasimama upande wa pili wa barabara.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

Ilikuwa salamu ya kwao, si ya kanisa la Selina. Kwa kitambo kidogo Selina alishika fungu la dagaa hewani.

"Milele, amina," akaitika.

Wilhelmina akainamisha kichwa mara moja, akawakimbilia wenzake. Hakusema kama alitia sahihi, wala kama kazi bado anayo. Selina aliwatazama mpaka walipokata kona, kisha mteja akamuuliza bei, akaanza kumpimia.