Pua Yangu na Mahindi ya Kwa Vonza

Mimi sisikii harufu. Sina mafua, wala sikupigwa pua nikiwa mdogo. Nilizaliwa hivyo, kama wengine wanavyozaliwa na vidole sita, ila vidole sita huonekana, na watu huviulizia. Pua yangu ni nzuri kutazama. Inapumua, inatoka kamasi, inashikilia miwani ya jua niliyonunua Mukuyuni. Kuna kazi moja tu isiyoifanya, na kwa miezi minne hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikilipwa kuifanya.

Hadi nilipofika miaka kumi hivi nilidhani harufu ni adabu. Mtu akipita na mandazi, watu husema yananukia, kama wanavyosema ni wazima hata wakiwa wagonjwa. Mtu akikosana na mwenzake humwambia ananuka. Nikaona kwamba moja ni sifa na nyingine ni tusi, nikajifunza kutumia zote mbili mahali pake. Kisha siku moja darasani mtu alijamba kimya kimya, na darasa zima likageuka upande mmoja kwa wakati mmoja bila kuambiana. Hapo ndipo nilipojua kwamba wenzangu wanapata habari ambazo mimi sipati. Sikumwambia mtu. Nilishika pua kama wao, nikachelewa kidogo tu.

Shule niliiacha darasa la saba kwa sababu nyingine, na tangu hapo nimekuwa nikizunguka. Nimepakia machungwa Mukuyuni, nimechunga mbuzi wa watu kijiji cha Tulia, nimechoma matofali mahali ambapo hata sikujua jina lake. Nataka sana kujua mambo ya watu: mwenye duka analala saa ngapi, kwa nini fundi huyu anapiga msumari kwa mkono wa kushoto. Lakini sikai. Watu hudhani ni uvivu, au kuna mwanamke ninayemkimbia. Ukweli ni kwamba ukikaa na watu muda mrefu, siku moja watakuuliza kama husikii ugali unaungua, na wewe ndiye uliyekaa karibu na sufuria.

Kwa Vonza, mji mdogo wa soko huko Kitui, nilifika nikitafuta kibarua cha kubeba magunia. Mwenye stoo ya nafaka alikuwa mama wa makamo, Mwislamu, mtu wa asili ya pwani, mwenye Kiswahili laini ambacho sisi Wakamba tulikisikiliza kama redio. Kila mtu alimwita Mama. Asubuhi alifukiza udi stooni kabla ya kufungua mlango, na wakati wa mchana, wateja wakipungua, alitusimulia habari za bahari: jinsi maji yanavyopanda na kushuka, jinsi chumvi inavyoganda kwenye nyusi. Wanafunzi wa chuo kikuu cha jirani waliokuja kununua maharagwe walimwuliza kama papa hula watu. Aliwajibu vizuri sana.

Siku yangu ya kwanza Mama alikuwa na mafua. Mtu alileta magunia sita ya mahindi kutoka upande wa Makueni. Mama akaingiza bambo, kile chuma chenye mfereji ambacho hudungwa kwenye gunia ili kutoa punje za katikati, akanikabidhi kiganja cha mahindi.

"Hebu ninusie, mwanangu. Mimi leo pua imeziba."

Nikainua kiganja puani kama mtu anayejua anachofanya. Nilivuta pumzi. Hewa ikaingia, hewa ikatoka. Nilipomtazama muuzaji, nikaona anaangalia barabara, na barabarani hakukuwa na kitu.

"Haya hayafai," nikasema.

Walipomwaga gunia sakafuni, katikati kulikuwa na bonge la ukungu wa kijani. Huku kwetu mahindi yenye ukungu si jambo la mzaha. Watu wamezikwa kwa sumu yake. Mama alinitazama kama aliyeokota pesa njiani. Tangu siku hiyo sikubeba gunia tena. Niliketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, nikiletewa mahindi kiganjani, na muuza nyama wa jirani akaniita Pua.

Nilifanya kazi kwa bidii. Nilijifunza kwamba punje kavu zikimwagwa kwenye karai hulia kama kokoto, na zenye unyevu huanguka kama zinaona haya. Nilijifunza kusugua punje kwa kidole gumba. Zaidi ya yote niliwasoma wauzaji: nani anasema sana, nani anatabasamu kabla hajaulizwa. Kisha nilifunga macho, nikainua pua juu, nikatoa hukumu. Sehemu ya pua ilikuwa ya watazamaji.

Nilipanga chumba kwa ajuza mmoja ambaye ploti yake ilikuwa nyuma ya soko. Nilimwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya. Alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu wa watoto wa Jumapili. Chumba kilikuwa kikubwa, sakafu ya saruji, dirisha zima, na kodi yake ilikuwa nusu ya vyumba vingine. Sikuelewa kwa nini kilikuwa kitupu. Wageni niliowakaribisha walisimama mlangoni wakasema wana haraka. Nikadhani watu wa Kwa Vonza wana shughuli nyingi. Susu mwenyewe aliniheshimu kupita kiasi. Jumapili moja aliniambia amenitaja mbele ya wanawake wa kanisa kama mfano wa uvumilivu. Nilimshukuru bila kujua nilikuwa nimevumilia nini.

Yote haya yaliharibika kwa sababu ya mtu mwaminifu. Mkulima mmoja kutoka Tulia alileta magunia kumi na mawili. Alikuwa mpole, alinitazama machoni, alijibu alichoulizwa tu. Punje za juu zililia vizuri kwenye karai. Nikayapitisha yote, na jioni hiyo nikamshauri Susu anunue gunia moja, maana wajukuu wake walikuwa wanakuja shule zikifungwa na alitaka kuwatwangia muthokoi, yale mahindi yanayokobolewa kwa kinu na kupikwa na maharagwe. Kumbe bati la ghala la yule mkulima lilikuwa linavuja, na mwenyewe hajui. Uso wake haukuwa na hatia kwa sababu moyo wake haukuwa nayo. Miezi yote ile nilikuwa nimejifunza kutambua wezi. Mahindi sikuwa nimeyajua bado.

Siku ya tatu Susu alikuja stooni na gunia lake kwenye wilbaro iliyosukumwa na mjukuu wa kwanza kufika. Alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani, ishara mbaya.

"Mama, hii mahindi inanuka," akasema. "Nilifika katikati nikaacha kutwanga."

Mama hakuinuka. "Susu, gunia hilo amelipitisha huyu."

"Najua amepitisha. Inanuka."

"Basi limenyeshewa kwako. Dirisha, au umeliweka chini."

"Nimeweka juu ya mbao. Mimi mzee wa kanisa, nidanganye kwa ajili ya mahindi?"

"Sijasema unadanganya, Susu. Nasema pua ya huyu haijakosea hata siku moja."

Muuza nyama alikuwa ametoka kwenye kibanda chake, kisu mkononi, akifuta mafuta kwa aproni. "Susu, ukibishana na Pua ni kama unabishana na hospitali."

Watu watatu wanne walicheka. Susu hakucheka. Alinigeukia mimi, na nikaona anangoja. Hakuwa akingoja gunia jingine. Alingoja mpangaji wake mvumilivu aseme kwamba yeye si mwongo. Na nyuma yake, mle stooni, yalikuwa yamebaki magunia kumi na moja ya mtu yule yule, na wanunuzi wa kesho walikuwa wanakuja kwa sababu yangu.

Mfuko wangu, kama kawaida, ulikuwa umefungwa chini ya kitanda. Nilihesabu: dakika tano hadi chumbani, dakika kumi hadi barabara ya Kitui. Nimeondoka sehemu nyingi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini kama ningeondoka, pua yangu ingebaki pale ikimshuhudia Susu uongo.

"Mama," nikasema, "mimi sisikii harufu. Sijawahi kusikia."

Mama akanitazama kwa huruma. "Unamsitiri Susu. Una moyo mzuri, mwanangu, lakini biashara ni biashara."

"Ni kweli. Nimezaliwa hivyo."

"Sasa yale magunia ya siku ya kwanza?"

"Nilimwangalia mwenye magunia usoni."

Muuza nyama alikata shauri kwamba jambo hili lipimwe. Nikafungwa macho kwa leso ya mtu. Nikasikia hatua zake zikienda kulia, mahali ambapo kuna mama mmoja tu anayeuza kitu kimoja tu, kisha zikirudi. Nikaletewa kitu chini ya pua, na macho yakaanza kuniwasha mle mle ndani ya leso.

"Hiki ni nini?"

"Kitunguu," nikajibu.

Lilikuwa ni jibu la mazoea. Miaka zaidi ya ishirini ya kujificha huwezi kuizima kwa dakika moja. Watu walipiga makofi. Nikajaribu kueleza habari za hatua na macho, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana fundi. Mara ya pili nilisikia kifuniko cha mtungi wa mama anayeuza mafuta taa kikifunguliwa, nikajua ni nini, nikasema sijui.

"Sasa anaigiza," akasema muuza nyama. "Huyu anajua hadi kampuni."

Nilivua leso. Nilikuwa nimeficha jambo hili vizuri kiasi kwamba sasa nilikuwa mtu pekee Kwa Vonza anayelijua, na ushahidi wangu haukuwa na thamani.

Ni Susu aliyeniokoa, na hakufanya hivyo kwa upendo. Muda wote huo alikuwa akinikazia macho kama mtu anayepiga hesabu ndefu.

"Hiki chumba chako," akaniambia polepole. "Unajua zamani kilikuwa cha nani?"

"Sijui, Susu."

"Cha mtu wa ngozi. Alikuwa analaza ngozi za mbuzi humo miaka sita. Na nyuma ya ukuta ni choo. Tangu atoke, wapangaji tisa. Aliyekaa sana alikaa siku mbili, na alikuwa mlevi." Akamgeukia Mama. "Huyu amekaa miezi nne. Anakula humo. Siku moja alinikaribisha chai."

Muuza nyama alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Buda," akasema, "wewe ndiwe unakaa kile chumba?"

"Mimi nilidhani ni uvumilivu," akasema Susu. "Nimekutaja kanisani."

Hapo Mama akainuka. Alichukua bambo, akaenda kwenye magunia ya Tulia, akatoboa la kwanza hadi katikati, akanusa mwenyewe, akafunga macho, akalisukuma kando. Alifanya hivyo kwa yote kumi na moja. Saba yalienda kando. Kisha akachagua gunia la shehena nyingine, akalinusa mara mbili, akamwekea Susu kwenye wilbaro.

"Nisamehe, Susu. Sikukuamini."

"Mimi nilikuwa nakuamini wewe," akasema Susu, "na wewe ulikuwa unaamini huyu." Akaondoka na mjukuu wake.

Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nikingoja kufukuzwa. Mama alimpigia simu mkulima wa Tulia kuhusu bati lake. Alihudumia wateja wawili. Saa ya mchana, watu walipopungua, akaniita ndani, kati ya magunia.

"Kesho uje," akasema. "Utatumia mkono na masikio na hayo macho yako ya kuwachunguza watu. Pua nitatoa mimi."

Nikamshukuru. Hakuniruhusu niende. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la mtandio wake.

"Wewe umesema jambo lako mbele ya watu, hata muuza nyama. Mimi nina langu." Akatazama mlangoni. "Bahari sijaiona."

Nilidhani anasema siku hizi, labda tangu mwaka jana.

"Sijaiona kabisa. Babangu ndiye alitoka huko. Mimi nimezaliwa Kitui, nyuma ya msikiti. Mbali nilikofika ni Mtito Andei, nusu ya njia. Gari likaharibika, tukarudi. Watu waliniuliza nikiwa msichana, nikawajibu yale ya babangu. Sasa ni miaka mingi, nitarudi nyuma vipi?"

"Na chumvi kwenye nyusi, Mama?"

"Hiyo niliitunga," akasema. "Ukimwambia mtu, nitasema hata hilo la pua ulilitunga."

Susu alimwaga chokaa na majivu katika kile chumba, akapaka kuta rangi, akaniambia sasa kunanukia. Nilimwambia nimeona tofauti. Kanisani, nasikia, mfano wa uvumilivu ni mtu mwingine siku hizi. Mfuko wangu bado uko chini ya kitanda, ila nimetoa shati moja, kisha la pili.

Mvua ya mwaka huo ilichelewa. Ilipokuja, ilikuja saa tisa mchana, na kabla tone halijaanguka watu wote wa soko wakanyamaza na kuinua vichwa, kama lile darasa la zamani. Susu alikuwa stooni akinunua maharagwe.

"Umesikia hiyo harufu?" muuza nyama akaniuliza, kisha akakumbuka. "Pole, Pua."

"Inanuka vipi?" nikamwuliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwuliza mtu swali hilo, na nilikuwa nimelitaka tangu darasa la nne.

Akafikiri. Akasema ni kama bati lenye joto likimwagiwa maji. Susu akasema hapana, ni kama chungu kipya. Yule muuza mafuta taa akasema ni vumbi tu, hakuna zaidi. Walibishana hadi matone ya kwanza yakaanza kutoboa mchanga, na nikagundua kwamba watu waliokuwa wakinusa maisha yao yote walikuwa hawajawahi kuulizana.

"Ni kama bahari," akasema Mama mlangoni, kwa sauti yake ya redio, na wote wakanyamaza, maana yeye ndiye aliyejua.

Kisha akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali.