Mtunza Stoo Dunguni

Asubuhi ile makopo hayakulia katika shamba la Salima. Bonde zima la Ngorongo lilitambua, maana msimu wa kuamia ndege kila dungu, kichanja cha miti cha kulindia shamba, huwa na mtu wake juu, anavuta kamba, anapiga ukelele, makopo yanagongana juu ya mpunga. Dungu la Salima lilikuwa tupu. Ndege, kwelea kundi zima, wakatua, wakala.

Aliyepaswa kuwa juu ni mumewe, Mfaume.

Kwa miaka saba Mfaume aliishi Uarabuni, mtunza stoo katika ghala la spea za ndege za kijeshi, zile zinazobeba rada mgongoni, sahani kubwa inayomwona adui angali mbali. Kilichomponza ni malezi. Mtu wa bondeni, aliyekua maji ya mto yakiingia mpaka chumbani, haweki chini kitu cha thamani. Alipokabidhiwa pete za mpira za kuzuia mafuta yasivuje kwenye mtambo unaozungusha ile sahani, alizipandisha rafu ya juu kabisa, karibu na bati, kama mama yake alivyopandisha mbegu darini. Kule hakuna mafuriko. Kuna joto. Mpira ukakauka, ukawa unakatika kwa kuguswa tu, na ndege moja ikakwama bandani kwa kukosa pete. Msimamizi akamwambia arudi kwao, huenda wakamwita.

Akarudi, akapanda dungu, simu mkononi. Hakutulia. Akikaa anainuka, akiinuka anageuka kutazama njia. Mwanahawa, jirani wa dungu la pili, hakumwacha.

"Shemeji! Mitambo yako ilimwona adui toka mbali, wewe kwelea wako puani huwaoni?"

"Mimi sikuruka, dada. Nilikaa stoo."

"Basi vuta kamba, mzee wa stoo!"

Salima alicheka pamoja nao, lakini jioni alimwambia, "Baba Sabra, kaa mpaka tuvune. Huu ndio wali wetu mpaka mwakani. Tukishavuna, nenda utakako."

"Nakaa, mama Sabra. Si nimekaa?"

Alikaa. Kisha ujumbe ukaja kwenye simu: nafasi yake amepewa mwingine. Salima alishusha pumzi. Aliona sasa mume atatulia. Ikawa kinyume. Kumbe kusubiri ndiko kulikomkalisha kule juu. Kulipokwisha, hakubakiwa na sababu ya kukaa mahali popote. Alfajiri alishuka, hakumuaga mtu, akashika njia ya barabara kuu.

Salima alipofika shambani, upande wote wa mtoni ulikuwa umebaki makapi. Hakulia. Alijifunga kanga kiunoni, akapanda mwenyewe, akavuta kamba siku zote zilizobaki mpaka viganja vikachubuka. Alivuna nusu.

Mfaume sasa yuko Kibiti mjini, anauza spea za pikipiki kwenye duka la mtu.