Nyungu Mlangoni

Mwaka ule wa korona, mama alikuwa anapigwa mionzi ya saratani ya titi huko Mwanza. Kwenye geti la hospitali mwenye kikohozi alikuwa haruhusiwi kupita, awe mgonjwa au msindikizaji. Mashine ya mionzi ikafungwa siku chache kwa matengenezo, tukarudi Mugumu, nyumbani kwa shangazi.

Shangazi alitusubiri mlangoni na nyungu ya majani ya mkaratusi inafuka mvuke, blanketi begani. Mtu wa kutoka Mwanza asingeingia kwake kabla ya kujifukiza.

“Mama haingii humo,” nilisema, nikasimama mbele ya nyungu. Hata shikamoo nilikuwa sijampa. Kifuani kwa mama wataalamu walikuwa wamechora mistari ya wino kuonyesha mionzi ipite wapi. Jasho likiifuta, wanaanza kupima upya. Na ngozi yenyewe ilishaungua.

“Unataka atuue sote?” Shangazi akanishika mkono anivute. Sikusogea.

Mama akafungua vifungo vya gauni. Shangazi akaiangalia mistari, akaiangalia ngozi iliyobabuka. Kisha akanigeukia.

“Basi ingia wewe. Si ndiwe unayelala naye?”

Nikainama juu ya nyungu, akanifunika blanketi. Mvuke ukanipanda puani, koo likaanza kuwasha.

“Nikikusikia unakohoa,” alisema juu ya kichwa changu, “Mwanza hurudi naye. Nitampeleka mimi.”

Kikohozi kilikuwa kimeshafika kooni. Nikauma blanketi.