Alivua Glavu Langoni Kwangu

Mama muuguzi wa mtaa wetu amefariki. Habari nililetewa kwa simu Jumanne asubuhi ya wiki iliyopita na mdogo wake, nikiwa bado nimeshika kikombe cha chai. "Papa, yaya ametuacha," alisema; yaya kwetu ni dada mkubwa. Nilijua kwamba wiki mbili zilikuwa zimepita tangu alazwe kwenye mahema ya wagonjwa wa homa hii ya virusi iliyouvamia mji wetu, ile inayohama kwa kugusana, mkono hadi mkono. Nilijua pia kwamba wengi walioingia kwenye mahema yale hawakutoka. Hata hivyo nikamuuliza swali la kijinga: "Una hakika?" Kana kwamba mtu anaweza kukosea habari ya namna hiyo juu ya dada yake.

Ninyi mnaonisoma kila Jumamosi mnakumbuka nilivyowaka hapa mwezi uliopita. Niliuliza nani anawalinda wale wanaotuuguza. Nilidai glavu, barakoa na mavazi ya plastiki, nikawasema wakubwa waliojifungia kwenye majumba yao ya mtaa wa Golf huku wauguzi wakiingia vitani mikono mitupu. Mlinipigia simu kunipongeza. Mmoja wenu wa Kipushi aliniambia kwamba aliisoma safu nzima kwa sauti mbele ya wachuuzi wenzake mpakani, na mimi, Mungu anisamehe, kichwa kikavimba. Leo siwezi kuitazama safu ile. Si kwamba niliandika uongo. Vituo vingi havina kitu, na hasira ya mji ni ya haki kabisa. Lakini muuguzi wetu glavu alikuwa nazo. Nataka niwaeleze kwa nini hakuzivaa, maana yupo mtu aliyemvua, na mtu huyo namfahamu vizuri.

Kwanza mmjue mwenyewe. Alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli aliyeshuka huku na jamaa zake kutoka kaskazini mwa Katanga, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya parokia, mama mfupi mwenye mwendo mzito na ulimi usioogopa cheo. Asubuhi alikuwa kwenye kituo cha afya kando ya barabara ya Kipushi. Mchana alipita nyumba kwa nyumba na mkoba wake wa rangi ya kahawia, akipima wazee presha, akifunga vidonda, akidunga sindano. Na hakuna nyumba aliyoingia bila kusalimia kwa mkono. Alikuwa anaanza na mzee aliyeketi kivulini, anakwenda kwa mama jikoni, kwa watoto, kwa mgeni, anauliza habari za kila mmoja, ndipo afungue mkoba. Siku moja nilimwita nikiwa nimelala mkekani na malaria iliyonigonga mpaka mifupani. Aliingia ndani ya lupango, yaani uani kwetu, akasimama kumsalimia hata fundi aliyekuwa anatengeneza ukuta. Nikapiga kelele: "Mama, miye niko nakufa hapa!" Hakugeuka hata kidogo. "Muntu ya kufa hana nguvu ya kulalamika hivi, papa. Ngoja nisalimie bantu kwanza." Halafu alinidunga sindano, nikalia, mtu mzima na mvi zangu, naye akaipeleka hadithi hiyo kwenye kwaya. Jumapili tatu mfululizo wamama wa sauti ya pili walikuwa wakiniangalia na kuziba midomo kwa vitabu vya nyimbo.

Mkono wake ulikuwa nusu ya dawa. Akikushika tu, alijua kama una homa kabla ya kutoa kipimajoto, na alijua kama umelala vibaya, kama umegombana na mtu nyumbani. Sisi wote mtaani tulikuwa tumezoea mkono ule, na ndiyo maana mambo yalikuja kuharibika.

Ugonjwa ulipoingia, wauguzi wa kituo walifundishwa namna ya kujikinga na kila mmoja akapewa masanduku yake ya glavu, zile sisi hapa tunaziita gants. Wiki hiyo hiyo alifika kwangu kumpima mama yangu presha, kama alivyofanya kila Alhamisi kwa miaka mingi. Mama ni mzee sana, mtaa mzima unamwita kambo, yaani bibi. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na lango, naye muuguzi akamnyoshea mkono wa plastiki nyeupe. Mama akaurudisha wake nyuma haraka. "Mutoto yangu, unanisalimia na gants? Juu ya nini? Miye niko maiti?" Msimshangae mama yangu. Glavu zile alikuwa ameziona mara moja tu siku za karibuni, mikononi mwa watu waliokuja kumchukua jirani yetu aliyekufa.

Muuguzi alieleza polepole, kwa heshima: "Hapana, kambo. Ni bugonjwa hii mupya. Banatuambia tuvae kwa bantu yote." Akabaki amesimama hapo, mkono hewani. Ilikuwa kazi yangu kusema neno, mimi msomi wa nyumba, mwandishi wa gazeti. Na kweli nikasema. Nilicheka, nikamgusa bega, nikamwambia: "Mama, kwa bengine uvae. Hapa ni kwenu. Kambo ni mama yako, atakuambukiza nini? Toa bile bintu." Alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akazivua, kidole kimoja kimoja, akazitia mfukoni, akamsalimia mama kwa mkono mtupu. Mama akafurahi. Na mimi pia nilifurahi, nikaona nimewaokoa wote wawili kwenye aibu.

Kwangu hakuna aliyeugua. Daktari aliyekuja kuulizia watu waliogusana na muuguzi alinihakikishia kwamba hakuambukizwa hapa. Jamaa wanadhani habari hiyo ingenipa usingizi. Wanadhani hivyo kwa sababu hawajui yaliyofuata.

Jumapili baada ya misa, nje ya kanisa, nilikisimulia kisa kile kama sifa ya muuguzi na sifa yangu. Nilisema kwamba mama yule ni mtu wa watu, kwangu anaacha glavu langoni. Watu waliitikia kwa vichwa, wakapenda. Kumbe walikuwa wanaweka akilini. Alipofika kwao amevaa wakamuuliza, tena kwa upole, kwamba kwa journaliste, yaani kwangu mwandishi, anatoa, kwao anavaa, je, wao ndio wachafu? Na yeye, aliyesalimia mpaka fundi wa ukuta, angewezaje kuwajibu? Hayo aliniambia mdogo wake siku ya kilio. Tulikaa kwenye viti vilivyoachana mbali, bila maiti, kwa sababu watu wa mavazi meupe walikuwa wameshamzika na familia ikitazama kutoka barabarani. Nilikwenda nimejiandaa kutoa hotuba juu ya serikali. Nikamuuliza kwa hasira kama dada yake walimnyima vya kujikinga. Akaingia ndani, akarudi, akaweka masanduku matatu ya glavu chini kati ya viti vyetu. Mawili hayakufunguliwa. La tatu lilikuwa limepungua juu tu.

"Nilimugombeza kila siku, papa," alisema. "Alinijibu: kwa papa journaliste nilitoa, sasa nitaambia bengine nini?" Hakuwa ananilaumu. Alidhani ananieleza tu jinsi dada yake alivyoniheshimu. Nilitamani anitukane. Niliyatazama masanduku yale mpaka wamama wa kwaya walipoanza kuimba, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti ya pili ilivyopungua.

Baba yangu alifanya kazi mgodini. Kila nyumba ya mji huu ina baba au babu aliyeshuka chini ya ardhi, na sijasikia shangazi yeyote aliyemwambia mchimbaji avue kofia ya chuma kwa kuwa anamdharau. Tunaelewa kwamba jiwe halimchagui mtu. Lakini muuguzi akija amevaa kofia yake yeye, tunanuna, tunaona ametuita wagonjwa, na mtu mwenye jina mtaani anaomba ruhusa ya pekee. Tukishapewa ruhusa hiyo, tunaigeuza kipimo cha upendo, na kila jirani anataka apendwe vile vile. Nimeandika miaka mingi juu ya wakubwa wanaotuua kwa uzembe wao. Sikuwahi kufikiri kwamba nami naweza kuwa mkubwa wa namna hiyo, langoni kwangu, nikicheka.

Kwa hiyo ninawaomba neno moja, ninyi mnaopiga kelele pamoja nami, na tuendelee kuzipiga: dai glavu, na zikifika, ziache mikononi mwa mwenyewe. Usimtanie. Usimwambie kwamba hapa ni kwao. Sina uhakika kama mtanisikiliza, maana safu ile ya kelele mliipenda zaidi.

Naandika haya kwa sababu ya Alhamisi iliyopita. Kituo kilituletea muuguzi mpya, baba mmoja wa makamo, mpole, ambaye sijawahi kumwona. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Yule baba alifika langoni amevaa glavu, akatuona, akasimama, akaanza kuzivua mwenyewe. Nikamuuliza anafanya nini. Akatabasamu kama mtu anayejua adabu: "Banasemaka kule kituo, hapa kwa journaliste batu banatoaka."

Ni mama aliyesema. Tangu kilio alikuwa ananiuliza kila siku, akisahau na kuuliza tena: "Nani alimuambia atoe, ni miye ao ni weye?" Na kila siku nilimjibu kwamba ni mimi. Sikujua kama jibu lilikuwa linabaki kichwani mwake. Alimnyoshea yule baba mkono wake mkavu, akaushika ule wa plastiki kwa mikono miwili, akavuta glavu iliyokuwa nusu imevuliwa, akamrudishia mpaka kwenye kifundo.

"Usitoe, mutoto yangu," alimwambia, kisha akanielekezea kidevu. "Hata huyu akikuambia utoe, ukatale."