Nilichagua Jiografia, Nikamkana Mama Kule Silanga

Kosa ni langu. Simsingizii shetani, maana hata yeye angeniuliza, "Wewe msichana, uko sawa kichwani?"

Miaka ya tisini nilikuwa Fomu Tatu, shule fulani ya kutwa huko Kawangware. Tulitakiwa kuchagua Jiografia ama Kilimo. Sisi tulikaa Silanga, Kibera, na mama alilima sukuma wiki kando ya bwawa. Akaniambia nichukue Kilimo, angalau hiyo angenisaidia. Nikamjibu kwamba sikuja Nairobi kusomea jembe. Eti kuja Nairobi! Mimi niliyezaliwa Kibera.

Ukweli ni kwamba nilitaka safari. Watu wa Jiografia walikuwa wakipelekwa Naivasha, wanarudi wakiongea juu ya volkano kama majirani zao. Mimi pia nilitaka kuringa.

Na kuringa nilikuwa nimeshaanza. Marafiki niliwaambia tunakaa hapo hapo Kawangware, mtaa wa 46, nyumba ya mawe, na mama ni karani. Jioni natembea nao mpaka 46, nawasubiri waingie kwao, halafu nashika njia ya Kibera kwa miguu. Mjinga ni nani kama si mimi?

Zamu yetu ilipofika, basi la shule likakataa kuwaka. Mwalimu wa Jiografia hakujali. Akasema tutatembea tukaone kilimo cha mjini, kando ya bwawa, Silanga.

Nikajifanya mgonjwa. Mwalimu akasema hewa itanisaidia. Tulipita Makina nikiwa nimejibanza katikati ya wenzangu kama mwizi wa kuku, nikiomba mama awe ameenda sokoni.

Alikuwa ameinama shambani. Mwalimu alipomwona akafurahi, akamsalimu, akasikia ni Mjaluo, akataka mtu wa kumhoji kwa Dholuo, lugha yake. Wenzangu wakanisukuma mbele, maana Mjaluo nilikuwa mimi.

Mama akainuka akitabasamu, akaninyooshea mkono uliojaa matope. Mimi nikainua kalamu.

"Mama, unaitwa nani?" nikamuuliza, kama mtu ambaye sijawahi kumwona.

Mkono ukashuka. "Niite Mama Odhiambo."

Odhiambo ni kaka yangu. Nikamuuliza analima nini, maji anatoa wapi. Akanijibu taratibu, kwa adabu, kama anaongea na mtu wa serikali. Likabaki swali la familia.

"Una watoto wangapi?"

Akapangusa ule mkono kwenye leso. "Ni Odhiambo peke yake."

Nikaandika. Ndiyo, niliandika, na mwandiko mzuri! Mwalimu akanisifu mbele ya wote.

Jioni mama hakunigombeza. Alinipakulia chakula kwa sahani ya wageni, akasema, "Karibu." Akanikaribisha hivyo wiki nzima. Angenichapa ningepona haraka.

Jumamosi nikamfuata shambani bila kuitwa. Nikapalilia kwa nguvu, nikang'oa sukuma nikidhani ni magugu. Akaniuliza kama hiyo ndiyo Jiografia. Nikalia pale pale kwenye matope, nikamwomba msamaha. Akanionyesha jinsi ya kushika jembe.

Jumatatu nikajikaza, nikawaambia wenzangu yule alikuwa mama yangu. Walicheka mpaka wakashika madawati. Walijua kitambo. Mmoja akasema sura yangu na ya yule mama ni moja, isipokuwa yeye alikuwa na adabu.

Kumbe nilimkana mama mbele ya watu waliojua ni mama yangu! Na hiyo Jiografia yenyewe nilipata D. Naivasha sikufika.

Mama alinisamehe, lakini polepole, na sehemu nyingine nadhani bado. Wageni wakimuuliza juu ya watoto wake, husita kidogo kabla ya kusema wawili. Anasingizia uzee.

Wewe unayesoma hii, ringa utakavyo, danganya watu unakaa wapi, hiyo ni shauri yako. Lakini ukikutana na mama yako mbele ya marafiki, msalimie kwanza. Aibu ya kumsalimia inaisha kabla hamjafika kona. Hii yangu ya kumkana nimezeeka nayo.