Mashine ya kusaga makombo kwenye sinki: faida, hasara, na "nyuzi" zilizomponza mama mkubwa

Wakuu, salamu kutoka Edmonton, London.

Ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyadeki kwa mikono yangu, kwa hiyo sina haja ya kuongeza chumvi.

Kuna mdau juzi aliuliza kama afunge ile mashine ya kusaga makombo chini ya sinki. Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja, nikashindwa. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Mama mkubwa, Bi Zuwena, ni dada wa mama yangu, mtu wa Pemba. Anaishi peke yake ghorofa ya pili, lifti hakuna, na magoti yamechoka.

Makombo hapa hayachanganywi na taka nyingine. Yana kopo lake, wenyewe wanaliita caddy, unalishusha mpaka kwenye bins za chini. Kila mama mkubwa aliposhuka nalo, mwanawe Nassor alikosa raha. Alikwisha sema: akianguka mara moja tu, anamhamishia kwake Lewisham, upande wa pili wa jiji.

Mama mkubwa hataki kuhama. Anasema huu ndio mlango wa kwanza maishani mwake ambao funguo anazishika yeye.

Basi Nassor, kwa mapenzi, akaomba ruhusa kwa mwenye nyumba, akamfungia mashine.

Niseme kweli, niliipenda. Unafungua maji ya baridi, unabonyeza switch, inanguruma kama babu anayesukutua, na wali uliobaki haupo tena. Harufu hakuna, vijinzi vya summer hakuna, ngazi hakuna. Kwa mwenye magoti mabovu hiyo si anasa.

Ila ina masharti. Mafuta hapana. Mifupa mikubwa hapana. Vitu vya nyuzinyuzi hapana.

Nassor kazaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote, kukisema ndiyo kazi. Akasoma maelekezo, akampigia mama yake simu, akamwambia: "Mum, usitie nyuzi."

Mama mkubwa alicheka hadi akakohoa. Akaniuliza, huyu mtoto anadhani mimi nashonea jikoni?

Ijumaa moja akapika pweza wa nazi. Nazi alizikuna mwenyewe, maana tui la kopo hataki hata kulisikia. Alipokwisha kukamua, machicha yote akaipa mashine.

Kwa asiyejua, machicha ndiyo yale yanayobaki nazi ikishatoa tui. Ukiyasugua vidoleni ni nyuzi tupu. Lakini kwa mama mkubwa machicha ni machicha, chakula cha kuku. Sijawahi kumsikia Mpemba akiyaita nyuzi.

Nilipofika kula, sinki lilikuwa limejaa maji meupe mpaka ukingoni, na yeye amesimama mbele yake, upawa mkononi.

Mlango ukagongwa. Mama Kevin, Mkenya wa flat ya chini, anafanya kazi ya care, kuhudumia wazee. Maji yalikuwa yanapanda kwenye sinki lake pia.

Mama mkubwa akanishika mkono. "Usimwambie Nassor, mwanangu. Atanihamisha."

Mama Kevin alisikia. Akavua koti, akalitundika kwenye kiti.

"Mama, huyo kijana tutamwambia," akasema. "Lakini kwanza tutoe hii maji. Ndoo iko wapi?"

Tukateka, tukadeki. Fundi wa mabomba akaja jioni, akavuta bombani kitu kirefu cheupe kama kamba. Nassor naye, tuliyekwisha mpigia simu, alikuwa amefika.

"Mum, that's what I meant," akasema. "Nyuzi."

"Hayo machicha, baba," mama mkubwa akamjibu. "Nyuzi ziko kwenye kikapu changu cha kushonea."

Nassor akaitazama ile kamba, akamtazama mama yake, akaanza kucheka yeye kwanza.

Habari ya Lewisham hakuifikisha mdomoni. Mama Kevin alikwisha sema kopo atalishusha yeye akienda shift, kwa sharti moja: harufu ya pweza isiwe inashuka kwake bila pweza mwenyewe.

Mashine bado ipo, inakula masalio ya sahani. Machicha, maganda na mifupa ni vya kopo. Mama Kevin akilirudisha hugonga, na hapo huwa hatoki upesi.

Nilichojifunza: kama nyumbani kuna mwenye magoti mabovu, fungeni. Ila mwelezeni kwa majina ya vitu anavyopika. Maneno ya kitabu cha maelekezo yaacheni kitabuni.

Jana Nassor alipiga simu kuuliza kama mashine inafanya kazi vizuri. Mama mkubwa akamwambia inafanya, ila haijui kugonga mlango.

Wenye mashine hizi, zenu zilikabwa na nini? Na kitu hicho kwenu kinaitwaje?